Tema, Wakio

"Tema, Wakio!" mama mkwe wangu alisema tena, akakisogeza kibuyu hadi kikanigusa kidevu. "Maji ni maji tu. Yatakupunguzia nini?"

"Kama ni maji tu, mama, yanyweni nyinyi."

"Mdomo huo!" Mzee Ambrose aligonga fimbo sakafuni. "Mdomo huo ndio uliotufikisha hapa."

"Mdomo wangu haujamfikisha mtu popote, Mzee. Ni miguu yenu. Mlitoka kwenye mstari wangu kwa miguu yenu wenyewe, na leo mmekuja kwangu kwa miguu hiyo hiyo."

Mama mkwe alishusha kibuyu, mkono ulikuwa umechoka. Alikuwa mwanamke mfupi aliyebatizwa akiwa mtu mzima, na jina lake la ubatizo hakuna aliyelitumia. Wote tulimwita mama Danson, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye alikuwa mume wangu.

Ilikuwa Jumamosi alasiri, nyumbani kwangu Mraru. Mkekani aliketi Jacinta, mke wa shemeji yangu, na binti yake mdogo Alice mapajani. Mtoto alikuwa na homa ya kifua. Alipumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo wa kuni. Mlangoni alisimama shemeji mwenyewe, Mwandawiro, kofia mkononi, nusu ndani nusu nje. Mzee Ambrose, baba yao mdogo na mkubwa wa ukoo tangu baba mkwe alipofariki, alikuwa amekalia kiti cha wageni. Danson, mume wangu, alikaa pembeni mwa meza. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Voi asubuhi ile, ingawa haikuwa siku yake ya mapumziko, na tangu alipofika hakunitazama sawasawa.

"Mtoto amechomwa sindano mbili pale Voi," nilisema. "Ya tatu ni kesho asubuhi. Mpelekeni, atapona. Msiniletee mimi kazi ya daktari."

"Sindano inatibu kifua," alisema Mzee Ambrose. "Hasira haitibiwi na sindano."

Kwetu Taita hasira si mali ya mwenye hasira peke yake. Ndugu akikasirika, akanyamaza, hasira ile humwandama aliyemkosea, na ikimkosa humpata mtoto wake au mifugo yake. Dawa ni moja. Mwenye hasira aseme kwa sauti kilichomuudhi, apige funda la maji, ayapulize yatoke kama manyunyu, kisha aiambie hasira itoke na mgonjwa apone. Huko ndiko kutasa. Wachungaji walikukataza tangu zamani za babu zetu, na sikuwahi kuingia nyumba ya Mkristo ambamo kibuyu cha kazi hiyo hakikuwepo. Mzee Ambrose mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Alhamisi alikwenda kwa mganga wa upande wa Ndara, akarudi na jibu kwamba Alice anaumwa na hasira ya mwanamke aliyeolewa katika nyumba.

"Walioolewa katika nyumba ni wengi," nilimwambia. "Hata mama ameolewa."

"Mwenye hasira ni mmoja."

Hapo alikuwa amesema kweli, na sikubisha.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Mwezi wa tatu Waafrika tulipiga kura kwa mara ya kwanza kumpeleka mtu Nairobi, lakini serikali haikuzigawa kura sawasawa. Mtu alipewa kwa masomo, kwa mshahara, kwa mali, kwa miaka ya kazi. Mimi ni mwalimu, nina cheti cha chuo. Nilipewa kura mbili. Danson, kwa miaka yake ya reli, alipewa moja. Mwandawiro hakupewa hata nusu, akasema kura ni michezo ya wazungu.

Halafu mwezi wa nane lokesheni yetu, eneo zima la chifu wetu, ikatakiwa kutoa mjumbe wa Baraza la Wilaya huko Wundanyi. Huko hapakuwa na karatasi. Watu walipanga mistari nyuma ya wanayemtaka, mbele ya chifu, na mstari mrefu ndio uliopeleka mtu. Nilikitaka kiti kile. Sikukitaka kwa heshima. Shuleni kwetu wasichana walikomea darasa la nne. Ndugu zao waliendelea, wao wakarudi kwenye jiwe la kusagia. Madarasa mapya yaligawanywa Wundanyi, na wagawaji walikuwa wanaume waliodhani msichana wa miaka kumi na miwili ameshasoma vya kutosha kuhesabu kuku. Binti yangu Margaret alikuwa amemaliza la nne mwaka uliotangulia. Nilikuwa nikimfundisha mwenyewe jikoni, chungu kikichemka.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuanzia wakati wa palizi hadi mavuno. Ukoo wa mume wangu ndio mkubwa kuliko zote hapa, na Mzee Ambrose aliniombea kanisani mbele ya watu. Asubuhi ya mistari walisimama nyuma yangu hadi kwenye boma la ng'ombe. Ndipo Mwandawiro akatoka, akanong'onezana na wazee, akaenda akasimama mbele peke yake. Na mstari wangu ukahama. Ulihama kimya, kama watu wanaofuata kivuli. Nyuma yangu walibaki wanawake wachache, na fundi mmoja wa mawe aliyekuwa kiziwi, ambaye hakusikia wenzake wakiitwa.

"Mwalimu," chifu alisema, "darasa lako limetoroka."

Lokesheni nzima ilicheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu nikiwa nimenyoosha shingo, na mguu wa kushoto umevimba kwa kuzunguka kote kule.

Tangu siku ile sikumsalimu Mwandawiro. Sikula kilichotoka jikoni kwake. Alipopita na ng'ombe wake nilisimama mlangoni nikamtazama hadi akapotea. Watu walianza kusema kwamba namtazama. Nilipojua kuwa wanaogopa, niliongeza kutazama. Mtamba wake mmoja akavunjika mguu kwenye korongo. Sikuhusika, lakini sikumwambia mtu kwamba sikuhusika. Nilikuwa nimenyang'anywa mdomo mbele ya watu wote. Nikaona macho bado yanafanya kazi.

Ningesema siamini mambo ya hasira, ningekuwa mwongo. Ningesema naamini, mchungaji angenifukuza kwenye kwaya. Nilijua tu kwamba nina kitu wanachokitaka, na kwamba wao wana kitu changu.

"Nataka kiti changu," nilisema. "Mwandawiro aende kwa chifu aseme amekiacha. Anayemfuata kwa urefu wa mstari ni mimi. Akishasema, nitatema maji hayo mpaka mfagie sakafu."

"Kiti ni cha ukoo," alisema Mwandawiro kutoka mlangoni. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu waingie.

"Ukoo una matako mangapi, shemeji?"

"Wakio!" Mama mkwe alijifunika mdomo. Nilimwona anacheka ndani ya kiganja.

"Nauliza tu. Maana atakayekaa ni mtu mmoja. Na mikutano ya Wundanyi inaandikwa Kiingereza. Watakapokupa karatasi utaisoma kwa kuinusa?"

"Utanitukana mbele ya mke wangu?"

"Wewe ulinichekesha mbele ya lokesheni. Huyu ni mke mmoja tu."

Danson alikohoa. "Mama Margaret, maliza jambo hili. Tema, tupumzike. Mambo ya kiti tutayazungumza baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baadaye. Kesho mimi napanda zamu."

"Zamu yako na mtoto wa Mwandawiro vinakutana wapi?"

"Nasema tu," alijibu, akaanza kukwangua nta ya mshumaa mezani kwa ukucha.

Kazi yake stesheni ya Voi ilikuwa kuunganisha mabehewa. Injini ilisukuma behewa, naye alisimama katikati, akangoja, akatia mnyororo. Wawili wa kundi lake walikuwa wameumia mwaka ule, mmoja vidole, mwingine zaidi ya vidole. Nilidhani anafikiria hayo. Nilidhani amechoka na ugomvi, kama wanaume wanavyochoka na ugomvi wasioushinda.

Alice alikohoa. Kikohozi kilimtikisa mwili wote, kisha akalia bila sauti. Jacinta alimwinua begani, akampigapiga mgongo, halafu akaniambia, bila kuinua macho:

"Dada, mimi siku ile nilibaki."

"Ulibaki wapi?"

"Nyuma yako. Nilikuwa wa nne kutoka kwako, na kanga ya njano. Hukugeuka kutazama, kwa hiyo hukuniona. Jioni yake nilipigwa kofi." Hakumwangalia mumewe. "Sikukwambia kwa sababu hukuwa ukinisalimu."

Mwandawiro aligeuza kofia yake, akaigeuza tena.

Nilikuwa nimewapangia wote adhabu moja, Mwandawiro na nyumba yake. Chakula cha Jacinta nilikirudisha na sahani yake. Sasa huyu hapa, aliyebaki, aliyelipia kubaki, na anayeumwa ni mtoto wake. Hasira yangu haikupungua, lakini nilijua imekaa vibaya, kama mzigo uliofungwa upande.

"Lete kibuyu," nilimwambia mama mkwe.

Alikileta haraka, asije akanikuta nimebadili nia.

"Sitatema wa kwanza," nilisema. "Nitatema baada ya Mwandawiro. Na yeye atasema kwa mdomo wake alichonifanyia, chote, mbele ya Mzee, ndipo ateme."

"Si yeye mwenye hasira," alisema Danson upesi.

"Aliyekosa na aliyekosewa wote hutema. Nani asiyejua hivyo? Au huko stesheni mmesahau?"

Mzee Ambrose alitikisa kichwa polepole kukubali. "Ana haki. Ndivyo inavyofanywa ikifanywa vizuri. Baba yenu alifanya hivyo na mimi, tulipogombania shamba la Mwakingali. Chukua, Mwandawiro."

"Mzee, hakuna haja," Danson alisema. Alikuwa ameinuka. "Mtoto anaumwa. Mwanamke ateme, tumalize. Kwa nini kurefusha?"

"Kaa, Danson."

"Nasema hakuna haja."

"Na mimi nasema kaa."

Danson alikaa. Mwandawiro aliingia ndani mzima mzima, kwa mara ya kwanza. Alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akamtazama mtoto wake, kisha akamtazama kaka yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Jambo moja kila Mdawida, Mtaita wa kwetu, analijua, awe amesoma au hakusoma: maji hayatemwi juu ya uongo. Ukimtemea mgonjwa na uongo uko ulimini, unamwongezea ugonjwa. Mtu anaweza kusema uongo mahakamani, anaweza kusema uongo juu ya Biblia, nimewaona. Sijamwona anayesema uongo akiwa na kibuyu juu ya mtoto wake mwenyewe.

"Kama mwanangu Alice anaumwa kwa ajili yangu," Mwandawiro alianza, "kwa sababu nilichukua kiti cha shemeji yangu Wakio..."

"Endelea," alisema Mzee.

"Nilikichukua... ukoo uliniona nafaa..." Akashusha kibuyu. "Siwezi."

"Huwezi nini?" Jacinta alimkaripia. Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile. "Sema, baba Alice! Au unangoja nimzike ndipo useme?"

"Mwandawiro," Danson alisema taratibu, "tulikubaliana."

Nilimgeukia mume wangu. "Mlikubaliana nini?"

Aliyejibu ni Mwandawiro, na hakunijibu mimi. Aliyaambia maji.

"Sikukitaka kiti. Mimi kusoma sijui, na Wundanyi ni mbali. Danson ndiye aliyenijia juma lile kabla ya mistari. Alisema, 'Mke wangu akienda Wundanyi, mimi sina uso wa kurudi stesheni. Simama wewe. Waambie wazee kwamba mumewe amekataza.' Nikawaambia. Ndilo kosa langu, na la kumpiga mama Alice kofi. Sina lingine. Mtoto wangu apone."

Akapiga funda, akapuliza. Manyunyu yalimwangukia Alice usoni na kichwani. Mtoto alishtuka, akafumbua macho, akamtazama baba yake kwa hasira ya mtu aliyeamshwa.

Mzee Ambrose ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea kabla hajashtakiwa.

"Tulifuata neno la mume, Wakio. Ukoo hauwezi kumsimamisha mke wa mtu mumewe akikataa. Tulidhani unajua. Tulidhani umekaidi, ndio maana umekasirika."

"Mlidhani ninajua."

"Ndivyo tulivyodhani."

"Na hakuna aliyeniuliza. Ukoo mzima, watu wanaouliza hata mbuzi amelala wapi, hakuna aliyeniuliza."

Niliketi kwenye kiti cha Margaret cha kusomea, kile kifupi, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Nilimtazama Danson. Nitaeleza jinsi alivyofanya jioni ya mistari, ili ieleweke. Alikuja kutoka Voi usiku ule ule aliposikia. Alichemsha maji, akatia chumvi, akaukanda mguu wangu uliovimba hadi uvimbe ukashuka. Alinikorogea uji. Akaniambia Mwandawiro ni nyoka, tumbo moja halitoi watu wa namna moja. Akaniambia, na nakumbuka alikuwa ameushika mguu wangu wakati huo: usimsamehe.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Mama Margaret..."

"Nimeuliza kwa nini. Jibu kama mtu mzima."

Alitazama mikono yake. "Unajua wananiitaje stesheni? Tangu mwezi wa tatu? Kura Moja. Kura Moja, lete behewa. Kura Moja, mkeo amekuruhusu kunywa chai? Karani wa tiketi, mtoto wa juzi, ananiita hivyo mbele ya abiria. Wakasema ukienda Wundanyi watanipa jina jingine."

"Jina gani?"

"Sijui. Walisema watatafuta."

Mama mkwe alitoa mlio kama wa kuku. Sikujua kama ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua.

"Ungekuja ukaniambia," nilisema. "Ungesema, Wakio, wananicheka na naona wivu. Ningekupikia chai, tukagombana, tukamaliza. Pengine ningekuachia. Miaka kumi na minne, Danson, ni nini nimekukataza kuniambia?"

"Ningeanzaje?"

"Ulianzaje kwa Mwandawiro?"

Aliirudia nta ya mezani kwa ukucha.

"Mguu wangu uliukanda kwa nini?"

"Ulikuwa umevimba," alisema, na machozi yakamlengalenga. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa maana nilijua ni kweli. Aliukanda kwa sababu ulikuwa umevimba. Aliniuza, kisha akanionea huruma, na vyote viwili alivifanya kwa moyo wake wote.

Nikaelewa pia mbona amekuja leo na baiskeli kabla ya siku yake, mbona amekuwa akiniambia tema, tema. Alisikia jibu la mganga huko Voi. Alijua hasira imekosea nyumba, na hasira iliyokosea nyumba haikomi kutafuta. Alitaka niiteme kabla haijampata mwenyewe. Alisahau tu kwamba mdogo wake naye angepewa kibuyu, na kwamba mdogo wake ana mtoto.

Nilisimama. "Leteni maji."

Mwandawiro alinipa kibuyu. Nilipiga magoti mkekani mbele ya Jacinta. Sikuwa nimejua nitasema nini, lakini yalikuja.

"Mimi Wakio niliikasirikia nyumba hii. Nilimkasirikia Mwandawiro kwa kosa ambalo nusu yake si lake. Nilimtazama ng'ombe wake na nikafurahi alipovunjika mguu. Nilirudisha chakula cha mwanamke aliyesimama nyuma yangu. Hasira hiyo na itoke kwangu, iende ambako hakuna mtu. Alice apone, acheze, asome mpaka darasa la nane."

Nilipuliza. Alice safari hii alikunja uso na kufuta macho kwa ngumi zote mbili, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama, wananimwagia."

Jacinta alicheka na kulia. Mama mkwe alisema amina, kisha akakumbuka kwamba haikuwa sala ya kanisani, akasema amina tena hata hivyo.

"Shemeji," Mwandawiro alisema, "Jumatatu nitakwenda kwa chifu."

"Jumatatu hapana. Jua bado liko juu na chifu yuko kambini. Nenda sasa. Mzee aende nawe, aseme kwamba mume hakukataza kwa haki na kwamba ukoo umerudi mstarini. Kesho asubuhi mapema mtakuwa kwa sindano, hamtapata nafasi."

"Sasa hivi?"

"Mlihama mstari kwa muda mfupi kuliko huu."

Mzee Ambrose alijiinua kwa fimbo yake. Hakuwa amezoea kutumwa na mwanamke, ilionekana mabegani mwake. Lakini alikuwa mtu wa haki akishaonyeshwa haki iko wapi. Walitoka wote wawili, na nikasikia Mwandawiro akimuuliza nje, "Tutamwambiaje chifu?" na Mzee akimjibu, "Kama ulivyoyaambia maji."

Danson naye alisimama. Alikuja katikati ya chumba, mahali nilipokuwa nimepiga magoti, akasimama pale na mikono imening'inia.

"Na mimi," alisema.

"Wakio," mama mkwe alisema kwa upole, na safari hii hakukisogeza kibuyu. Alikishika tu karibu na kifua chake. "Mumeo kesho anapanda zamu. Anasimama katikati ya vyuma. Usimwache aende hivyo. Umemtemea mtoto, umemsamehe shemeji yako. Mtemee na huyu."

"Aseme kosa lake kwanza."

Danson alilisema. Alilisema vizuri, bila kuficha, na sauti ilimkatika mahali panapostahili kukatika. Alisema wivu. Alisema hofu ya kuchekwa. Alisema uongo aliowatumia wazee na ule alionipa mimi, mguu wangu ukiwa mikononi mwake. Akachukua funda lake, akapuliza, maji yakamrudia miguuni. Kisha akanipa kibuyu. Akafumba macho na kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayengoja kunyolewa.

Nilipiga funda. Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yalikuwa na harufu ya moshi wa kibuyu. Nilimkaribia hadi nikaona mshono wa kola niliyomshonea mwenyewe. Jacinta alikuwa amemkumbatia mtoto. Mama mkwe midomo ilikuwa ikitembea. Nilifikiria wale wanawake wachache nyuma yangu, na kanga ya njano ambayo sikugeuka kuiona. Nilifikiria Margaret akisoma hesabu jikoni moshi ukimtoa machozi. Nilimfikiria Danson akisema usimsamehe. Nikaona kwamba ni ushauri mzuri, ila alikuwa amekosea jina.

Alingoja. Nilimngojesha.

Kisha nikameza.

Nilimeza kwa sauti, wote walisikia. Yeye alisikia kabla ya wote. Alifumbua macho, akanitazama kooni, akageuka rangi kama majivu. Mama mkwe alisema, "Yesu! Hasira ameimeza!" akakaa chini palepale alipokuwa.

"Wakio," Danson alisema. "Wakio, umefanya nini?"

"Umeona."

"Kesho mimi..."

"Najua kesho una nini. Chakula cha njia utakikuta jikoni, nimekufungia. Shati la kazi liko kwenye kamba."

Nilimrudishia mama mkwe kibuyu mikononi, taratibu, nisimshtue zaidi. Nilimwambia Jacinta alale hapa kwangu na mtoto, kuna blanketi la pili sandukuni, na alfajiri tutashuka wote Voi kwa sindano. Nikafunga kitambaa kichwani, nikavaa viatu vyangu vya shule, nikatoka kuwafuata wale wanaume kwa chifu. Walikuwa hawajafika mbali. Mzee Ambrose hutembea polepole, nami nilitaka niwepo wakati chifu anayasikia.